Akili si moja: kinachowapa wasichana wetu ari ya kusoma, na kinachowanyima

Kila mwisho wa mwaka wa shule, wanafunzi wa mwaka wa nane katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hufanya TENASOSP, mtihani wa taifa uliowekwa ili kuwachagua na kuwaelekeza kabla ya kuingia humanité. Baada ya hapo familia inapaswa kuamua opsio ya mtoto: hesabu na fizikia, biologia na kemia, biashara na usimamizi, pedagojia, ao ukataji na ushonaji. Kwenye karatasi, uamuzi huo unategemea uwezo wa mwanafunzi. Lakini katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo, Uvira na Bunia, jibu la msichana limeshatolewa zamani: "Huyu hana akili ya hesabu, aende pedagojia." Na mara nyingi msichana mwenyewe ndiye wa kwanza kukubali.

Swali linalofuata haliulizwi sana. Akili gani hiyo ambayo hana? Nani aliipima, na kwa lugha gani? Na kusikia neno hilo tangu utoto kunafanya nini kwa hamu yake ya kusoma?

Watafiti wa saikolojia wamejadili mambo haya kwa zaidi ya miaka 40. Majibu yao hayakubaliani yote, na mengine yametumiwa vibaya. Lakini yakiwekwa pamoja na maisha ya wasichana wa mashariki mwa nchi yetu, yanaonyesha kwamba tunachokiita uvivu ao ukosefu wa akili mara nyingi ni kitu kingine kabisa.

Neno moja, maana nyingi

Kwa muda mrefu shule za Ulaya na Marekani zilichukulia akili kuwa kitu kimoja kinachoweza kupimwa kwa mtihani na kupewa namba. Mwaka 1983 Mmarekani Howard Gardner alipinga wazo hilo. Alisema kuna akili za aina mbalimbali, akaanza na 7: ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya kuona nafasi na maumbo, ya muziki, ya mwili, ya kuelewa wengine na ya kujielewa mwenyewe. Baadaye akaongeza akili ya kutambua viumbe na mazingira. Mwenzake Robert Sternberg alifupisha zaidi: kuna akili ya kuchambua, ile inayopendwa na mitihani, kuna akili ya kubuni, na kuna akili ya vitendo, ile ya kutatua matatizo ya kila siku. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer wakaleta wazo la akili ya hisia, yaani uwezo wa kutambua hisia zako na za wengine, kuzielewa na kuzitawala.

Kwa mtu aliyekulia katika lugha zetu, jambo hilo si geni. Kiswahili kinatofautisha akili, werevu, busara na hekima. Mtu anaweza kuwa na diploma na watu wakasema hana busara. Katika Zambia, Robert Serpell aliwauliza watu wazima wa Kichewa swali rahisi: kati ya watoto wa kijiji, ungemtuma nani kwa kazi muhimu? Waliwachagua watoto wenye "nzelu", neno linalochanganya werevu na kuaminika. Chaguo lao halikulingana sana na alama za mitihani ya akili. Katika Côte d'Ivoire, utafiti wa Pierre Dasen na wenzake kati ya Wabaoulé ulikuta jambo la jamaa moja: mtoto mwenye akili ni yule anayeona kazi inayotakiwa kufanywa na kuifanya bila kusukumwa.

Ukimsikiliza mama wa Kivu akimsifu binti yake, utasikia maneno hayo hayo. Anajua kulea wadogo zake, anajua kupanga pesa kidogo ifike mwisho wa juma, anajua mgeni apokelewe namna gani. Nyumbani binti huyo anahesabiwa kuwa na akili nyingi. Shuleni, biliteni yake inasema asilimia 45. Msichana mmoja, hukumu mbili. Na hukumu inayoandikwa na kupigwa muhuri ndiyo anayoishia kuiamini.

Sokoni anajua, ubaoni anashindwa

Tuchukue hesabu, somo linalotajwa zaidi wakati wa kumfungia msichana mlango.

Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti mdogo uliofanywa Recife, nchini Brazili. Waliwafuata watoto 5 wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza barabarani na sokoni. Kama wanunuzi wa kawaida, watafiti waliuliza: nazi kumi ni bei gani? Nikikupa noti hii, utanirudishia ngapi? Watoto walijibu vizuri karibu kila mara, asilimia 98. Kisha watoto hao hao wakapewa hesabu zile zile kwenye karatasi, bila nazi wala mnunuzi. Walipata asilimia 37 tu. Watoto hawakubadilika, wala hesabu haikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza.

Watoto 5 ni wachache mno kujenga sheria juu yao. Lakini kazi kubwa zaidi zilizofanywa baadaye katika masoko ya India zilionyesha jambo hilo hilo, tena kwa pande zote mbili: watoto wa sokoni wanashindwa na hesabu za shule, na watoto wa shule wasiouza wanashindwa na hesabu za sokoni.

Sasa tazama msichana anayemsaidia mama yake kuuza sambaza Kituku, mjini Goma, ao unga na maharage Kadutu, mjini Bukavu. Bei ya jumla inasemwa kwa dola. Mteja analipa kwa franka za Congo, na kiwango cha kubadilisha kinapanda na kushuka. Karibu na mpaka wa Rwanda kuna wanaotoa franka za Rwanda. Maharage yanapimwa kwa gigozi, si kwa kilo, na lazima faida ibaki baada ya kulipa usafiri na kodi ya soko. Msichana huyo anafanya uwiano, asilimia na mabadiliko ya fedha tatu kichwani mwake huku watu wakimharakisha. Siku inayofuata anafika darasani, anakuta kwenye ubao "la règle de trois", na hakuna anayemwambia kwamba ni ile kazi aliyoifanya jana jioni.

Hapo ndipo aina za akili zinapokutana na ari ya kusoma. Mtu hupata hamu ya kuendelea na jambo pale anapoona dalili kwamba analiweza. Msichana huyu anazo dalili nyingi, lakini zote ziko upande wa pili wa ukuta wa shule. Ndani ya darasa anaona dalili za kushindwa tu.

Kenya inatupa onyo jingine. Mwaka 2001 Sternberg na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15 katika kijiji cha Wajaluo karibu na Ziwa Victoria. Waliwapima ujuzi wa dawa za miti shamba, kitu kinachohitajika sana mahali ambapo malaria na minyoo ni vya kawaida. Waliwapima pia maneno na masomo ya shule. Watoto waliojua zaidi dawa za asili walielekea kupata alama za chini katika maneno ya Kiingereza. Maelezo ya watafiti ni kwamba kila familia huweka muda na matumaini yake upande mmoja: kuna mtoto anayefundishwa kazi za nyumbani na kijiji, na kuna anayesukumwa kuelekea shule.

Kwetu pia muda huo unagawanywa, na msichana ndiye anayepewa sehemu kubwa ya upande wa nyumbani. Kaka yake anaporudi kutoka shule, anaweza kufungua daftari. Yeye anachukua kidumu cha maji. Mwisho wa mwaka biliteni mbili zinalinganishwa kana kwamba wawili hao walikuwa na saa sawa za kusoma, kisha tunahitimisha kwamba mvulana ana akili zaidi.

Ari inatoka wapi?

Wamarekani Edward Deci na Richard Ryan wamejenga tangu miaka ya 1970 na 1980 nadharia ya ari inayotumiwa leo karibu kila mahali. Wanasema kuna ari inayotoka ndani, mtu anaposoma kwa sababu jambo linamvutia ao analiona kuwa lake. Na kuna ari inayosukumwa kutoka nje, kwa zawadi, fimbo ao aibu. Ya pili inaweza kumfikisha mtoto kwenye mtihani, lakini inachoka haraka. Katika Québec, Robert Vallerand na wenzake walitengeneza mwaka 1989 kipimo cha kifaransa cha kupima ari ya wanafunzi, kinachopima pia hali ya tatu: kukosa ari kabisa, pale mwanafunzi haoni tena uhusiano kati ya juhudi zake na matokeo.

Kwa Deci na Ryan, ari ya ndani inahitaji vyakula vitatu: kujisikia unaweza, kujisikia una neno katika maisha yako, na kujisikia uko na watu wanaokujali.

Pima vitatu hivyo kwa msichana wa miaka 14. Je, anajisikia anaweza? Tumeona namna uwezo wake wa sokoni unavyoachwa mlangoni. Ana neno? Opsio imechaguliwa na baba, na mara nyingine inategemea ni shule gani iko karibu na minervali yake ni kiasi gani. Anajaliwa? Ikiwa darasa lina watoto zaidi ya 60 na mwalimu hajui jina lake, jibu ni gumu. Msichana kama huyo akiacha kufungua daftari, tatizo halijaanzia katika tabia yake.

Akili ya hisia katika nchi ya vita

Kati ya akili zote zinazozungumzwa, ile ya hisia ndiyo imepimwa zaidi kuhusiana na masomo. Mwaka 2020 Carolyn MacCann, wa Australia, na wenzake walikusanya tafiti zaidi ya 160 zenye wanafunzi zaidi ya 42,000 kutoka nchi 27. Walikuta kwamba wanafunzi wenye akili ya hisia kubwa zaidi huelekea kupata matokeo mazuri zaidi, hata ukiondoa athari ya akili ya kawaida na bidii. Nguvu yake si kubwa mno: akili ya kawaida na bidii bado viko mbele yake. Lakini ipo, na sababu zinazotolewa zinaeleweka. Mwanafunzi anayeweza kutawala hofu ya mtihani, uchovu na aibu ya kukosea anabaki kwenye kazi. Anayejua kuishi na wenzake na walimu anapata msaada anapokwama.

Kwa mashariki mwa Congo hili si jambo la vitabuni. Goma ilichukuliwa na waasi wa AFC/M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili. Shule zilifungwa, nyingine zikawa makao ya waliokimbia vita. Wasichana wamepoteza ndugu, wamehama mara mbili ao tatu, wamebadilisha shule katikati ya mwaka, na wengine wamepitia ukatili ambao hawajaweza kuusema. Msichana anayelala darasani ao anayeshtuka mlango unapogongwa anaweza kuonekana mzito wa kichwa. Kumbe kichwa chake kiko kazini muda wote, kikilinda usalama wake.

Kuna jaribio lililofanywa nchini kwetu linalostahili kukumbukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la International Rescue Committee liliendesha katika Katanga ya zamani programu ya kuwafundisha walimu namna ya kulifanya darasa liwe mahali pa usalama na pa kutia moyo, pamoja na mbinu za kufundisha kusoma na hesabu. Watafiti waliofuata shule hizo walikuta kwamba watoto waliiona shule yao kuwa ya kuwajali zaidi, na kulikuwa na maendeleo fulani katika masomo. Lakini matokeo yalichanganyika, na maumivu ya ndani ya watoto hayakupungua kwa kiasi kilichotarajiwa. Darasa lenye huruma linasaidia, lakini haliponyeshi kila kitu.

Wengine wanaongeza akili ya kiroho, yaani uwezo wa kuyapa maisha maana. Gardner mwenyewe alikataa kuiweka katika orodha yake, na vipimo vyake bado vinabishaniwa. Ila katika nchi ambayo shule nyingi za serikali zinaendeshwa na makanisa na jumuiya ya Kiislamu kwa mkataba, si vigumu kuona kwamba imani humpa msichana sababu ya kuamka asubuhi. Inategemea tu anaambiwa nini: kwamba Mungu amempa kipaji cha kutumia, ao kwamba amemwandikia kuvumilia.

Wazo linalokaa kichwani tangu miaka sita

Mwaka 2017 Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Waliwasimulia habari ya mtu "mwenye akili sana, sana" kisha wakawaonyesha picha za wanaume na wanawake wachague ni nani. Katika miaka 5, wavulana na wasichana walielekea kuchagua watu wa jinsia yao. Kuanzia miaka 6, wasichana walianza kupunguza kuwachagua wanawake. Jambo la kushangaza ni kwamba wasichana hao hao walijua kuwa wasichana ndio wanaopata alama nzuri shuleni. Walikuwa wameshatenganisha mambo mawili: alama nzuri ni za mwenye bidii, akili kubwa ni ya mwanaume. Kisha walipopewa michezo miwili, walipoteza hamu na ule ulioelezwa kuwa wa watoto wenye akili sana.

Marekani si Kivu. Lakini ni nani kati yetu hajasikia msichana wa kwanza darasani akielezwa kwa maneno "anakariri vizuri", na mvulana wa tano akielezwa kwa maneno "huyu ana kichwa, ila hataki kusoma"?

Namna ya kusifu nayo ina uzito. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili yao, walipokutana na kazi ngumu na kushindwa, walikata tamaa haraka kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Aliyeambiwa "una akili" anasoma kushindwa kwake kama hukumu. Aliyeambiwa "umefanya kazi vizuri" anakusoma kama kazi ambayo haijaisha. Tusitie chumvi hapa: jaribio kubwa la David Yeager na wenzake, lililochapishwa mwaka 2019 baada ya kufuata zaidi ya wanafunzi 12,000 wa Marekani, lilikuta kwamba kufundisha wazo hili kunainua alama za wanafunzi walio chini, lakini kwa kiasi kidogo, na zaidi pale ambapo mazingira ya shule yanaliunga mkono.

Lugha inayoficha akili

Kuna kizuizi ambacho tafiti za Marekani hazikioni, kwa sababu watoto wake wengi hufanya mtihani kwa lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kivu anafikiri kwa Kiswahili, Mashi, Kinande, Kilega ao Kinyarwanda, na anapimwa kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inatambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, kuwa lugha za kufundishia katika madarasa ya kwanza. Lakini baada ya hapo Kifaransa kinatawala, hadi mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari.

Mwaka 2019 Congo ilishiriki katika PASEC, kipimo kilichofanywa katika nchi 14 za Afrika. Wanafunzi wetu wengi wa mwisho wa shule ya msingi hawakufikia kiwango cha kutosha katika kusoma wala katika hesabu. Mtoto asiyeelewa swali hawezi kuonyesha kwamba anajua jibu. Na msichana, ambaye mara nyingi anabaki nyumbani zaidi na kusikia Kifaransa kidogo kuliko kaka yake, anaweza kulipa gharama hiyo mara mbili: anakosa alama, kisha anaogopa kunyoosha mkono.

Mtego wa sifa nzuri

Wazo la akili nyingi limependwa sana na walimu, na si ajabu, kwa sababu linampa kila mtoto heshima. Lakini wanasayansi wengi wanasema orodha ya Gardner haina ushahidi wa kutosha. Vipimo vinaonyesha kwamba uwezo huo haujitengi kama alivyodai: anayeweza kimoja mara nyingi anaweza na vingine. Na ile imani kwamba kila mtoto afundishwe kwa "mtindo" wake, huyu kwa kuona, yule kwa kusikia, haijathibitishwa. Gardner mwenyewe ameshaonya kwamba hakusema hivyo.

Kwa wasichana wetu hatari ni kubwa zaidi. Wazo la akili nyingi linaweza kugeuka kamba mpya ya kuwafungia pale pale. Zamani tulisema: hana akili, aende ushonaji. Leo mtu aliyesoma anaweza kusema kwa upole: ana akili ya mikono, aende ushonaji, ana akili ya kuelewa watu, aende pedagojia. Maneno yamekuwa matamu, mlango umebaki ule ule. Ushonaji na ualimu ni kazi za heshima zinazolisha familia nyingi. Ubaya unaanza pale jina la akili linapotumiwa kumwondoa mtoto kwenye hesabu kabla hajafundishwa vizuri.

Njia ya kuzitumia akili hizo ni kuzifanya daraja. Ujuzi wa soko umpeleke kwenye uwiano na asilimia. Ujuzi wa kusimulia umpeleke kwenye insha. Ujuzi wa kulea wadogo umpeleke kwenye biologia. Kila akili aliyokuja nayo iwe mlango wa kuingilia somo, isiwe sababu ya kumtoa.

Ari haijazi mfuko

Ni lazima pia kusema wazi kile ambacho ari haiwezi. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu mwezi wa tisa 2019, kulingana na kifungu cha 43 cha Katiba. Sekondari inalipwa. Familia yenye minervali ya mtoto mmoja tu hulazimika kuchagua, na sote tunajua ni nani anayechaguliwa mara nyingi. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2013-2014 ulikuta kwamba asilimia 37 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa ao kuishi na mume kabla ya kufikia miaka 18, ingawa sheria inakataza. Ongeza njia zisizo na usalama, shule zisizo na vyoo vya wasichana, na walimu wanaongojea mshahara. Kumwambia msichana wa namna hiyo "jitie moyo" bila kugusa mambo hayo ni kumtwika mzigo wa wakubwa.

Lakini si sahihi pia kusema kwamba hakuna kinachowezekana mpaka amani irudi. Yafuatayo hayahitaji mfadhili.

Mwalimu wa hesabu anaweza kuanza somo la uwiano kwa bei ya gigozi na kiwango cha dola cha siku hiyo, aeleze kwa Kiswahili kwanza, kisha afundishe maneno ya Kifaransa ya mtihani. Anaporudisha karatasi, sentensi moja inayoonyesha hatua iliyokosewa inasaidia kuliko alama nyekundu peke yake. Na anaweza kuhesabu kwa juma moja ni mara ngapi amewaita wasichana ubaoni.

Prefe anaweza kumpa mwalimu mwanamke, akiwa naye, darasa la hesabu ao fizikia. Huko Marekani, katika chuo cha jeshi la anga ambako wanafunzi hawachagui mwalimu wao, Scott Carrell na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba wasichana waliofundishwa hesabu na sayansi na mwanamke walifanya vizuri zaidi, hasa wale waliokuwa na uwezo mkubwa tangu mwanzo. Wavulana hawakupoteza kitu cha maana.

Mzazi anaweza kuhesabu saa. Binti yako anapata dakika ngapi za daftari kabla ya giza kuingia, na kaka yake anapata ngapi? Kugawanya maji, vyombo na watoto wadogo kati ya wote wawili hakugharimu hata franka moja, na kunaweza kuwa na faida kuliko hotuba zote za kutia moyo.

Na siku ya kuchagua opsio itakapofika, familia isiangalie biliteni moja tu. Iangalie miaka mitatu: alama zinapanda ao zinashuka, na zilishuka kwa sababu gani? Mwaka wa vita? Mwaka wa kuhama? Mwaka ambao mama aliugua na msichana akabeba nyumba? Alama iliyoshuka kwa sababu hiyo inaeleza mwaka ulivyokuwa, haielezi akili ya mtoto. Kisha msichana mwenyewe aulizwe anataka nini na kwa nini, na asikilizwe hadi mwisho, hata kama jibu lake la kwanza ni kunyamaza. Aliyezoea kuamuliwa hajui kujibu siku ya kwanza. Apewe siku ya pili.